Je, Ni Wizi Kuchukua Kisichopungua?

Jambo tunaloliandika mwezi huu lililetwa kwetu na mzee mmoja wa kijiji chetu, mkulima wa kahawa, ambaye mwanawe yuko Ujerumani mwaka wa pili sasa akijifunza uhandisi. Alitujia jioni, baada ya wanafunzi kwenda zao, akiwa ameishika simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi. Kisha akasema, "Walimu wangu, nisomeeni maneno haya ya mwanangu. Mimi nimeyasoma mara tatu, na kila mara nayafahamu, lakini moyo wangu wakataa kwamba nimeyafahamu."

Maneno yenyewe kwa kifupi yalikuwa haya. Kijana alikuwa amechukua katika intaneti mchezo wa kuigiza wa televisheni, wa Kimarekani, wenye sehemu nyingi, pasipo kuulipia. Baada ya majuma kadhaa ikafika barua ya wakili, kurasa nyingi, ikitaja jina la mchezo, siku, saa na hata dakika, na kudai zaidi ya Euro 900. Tena barua ile haikuandikwa kwa jina lake. Iliandikwa kwa jina la bibi mwenye nyumba anamopanga chumba, mjane mzee aliyekuwa muuguzi zamani, ambaye hajapata kuusikia mchezo ule hata kwa jina.

Mzee akasema, "Sikuja kuuliza habari ya fedha. Fedha italipwa, hata ikiwa ni kidogo kidogo. Nauliza hivi: mwanangu ni mwizi au si mwizi? Kama ni mwizi, nataka nijue ameiba nini, na mwenye mali ni nani, nipate kujua nimwombe radhi nani."

Hatukumjibu jioni ile. Tulimwomba atupe siku chache, tukazungumza sisi kwa sisi, tukasoma, tukampigia simu kijana mwenyewe, na mengine tuliyoyapata twayaandika hapa, maana si mzee huyu peke yake aliye na mtoto ng'ambo.

Kwanza yafaa tueleze jinsi jambo lenyewe lilivyotendeka. Hapa kwetu, mjini karibu na soko, liko duka ambamo kijana hukaa mbele ya kompyuta. Nawe humpa flashi yako na fedha kidogo, naye hukujazia michezo ya Kikorea, ya Kihindi, ya Kituruki na ya Kimarekani, na mingine imekwisha kutiwa sauti ya Kiswahili juu yake. Hakuna aulizaye mwenye michezo ni nani. Kijana wetu alikua katika desturi hiyo. Alipofika Ujerumani hakuliona duka la namna ile, basi akajipatia mchezo kwa njia ya kompyuta yake, kwa chombo kiitwacho BitTorrent.

Kazi ya chombo hiki ni vema kuifahamu, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi wajikwaapo. Fikirini watu waliojipanga mstari toka mtoni hata mahali pa kujenga, wakipitishiana ndoo za maji. Mchezo hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila apokeaye kipande hukitoa papo hapo kwa mwingine, hata kabla hajaupata mchezo mzima. Mtu hudhani anachukua tu, kumbe anagawa. Sasa sheria ya hakimiliki ya Ujerumani, iliyotungwa mwaka 1965 na kurekebishwa mara nyingi, humruhusu mtu kujinakilia kitu kwa matumizi ya nyumbani, isipokuwa nakala anayoichukua iwe imetoka kwa njia ya haramu iliyo dhahiri. Bali kuwagawia walimwengu kazi ya mtu mwingine bila idhini yake hakuna ruhusa hata kidogo.

Basi wenye michezo huajiri watu wa kuingia katika mstari ule kama wengine, wakapokea ndoo kutoka kwa jirani, kisha wakaandika namba ya jirani huyo. Namba si jina. Lakini tangu Septemba 2008 sheria huwapa njia ya kwenda mahakamani, na mahakama huiamuru kampuni ya intaneti itaje namba ile ilikuwa ya nani katika dakika ile. Jina litokealo ni la yule aliyefanya mkataba na kampuni, wala si la aliyekaa mbele ya kompyuta. Ndiyo sababu barua ilimwendea bibi.

Turudi kwa swali la mzee. Mwizi wa mbuzi twamjua sote: jana zizini walikuwa saba, leo ni sita. Lakini mchezo uliochukuliwa bado uko kwa mwenyewe, haukupungua hata chembe. Mtu akitutazama tunavyosuka mkeka, akaenda kwake akasuka wa namna ile ile, hatukupungukiwa hata ukili mmoja. Vijana wengi huitegemea hoja hii, nayo si hoja ya kipumbavu. Tulijaribu kuivunja kwa siku mbili, na twakiri kwamba haivunjiki yote. Neno wizi halikai vizuri juu ya tendo hili. Ni kama kanzu ya mtu mwingine, mabega yanabana na mikono inapwaya. Hata sheria zenyewe katika nchi nyingi haziliiti tendo hili wizi. Huliita kuingilia haki ya mtu.

Walakini kuna kuchukua kwingine ambako nako hakupunguzi kitu, wala hapana mtu kijijini akuitaye kwema. Mtu akijificha nyuma ya magunia katika kivuko mpaka akafika ng'ambo, hakumpunguzia mwenye chombo hata ubao. Chombo kingalivuka vile vile. Tena mwangalie kibarua. Amelima shamba lako kutwa, na jua likichwa wamwambia, Nenda zako. Umemnyang'anya nini? Jembe lake analo, mikono yake anayo, na hata nguvu zake zitamrudia akilala. Hakuna kitu kilichokuwa chake asubuhi ambacho hanacho jioni. Na hata hivyo hatujapata kumwona mtu, mwenye dini au asiye na dini, asemaye kwamba kibarua yule hakudhulumiwa.

Hapo ndipo tulipoona mwanga kidogo. Mchezo wa televisheni haujiotei porini. Yuko aliyeutunga, wako walioigiza, yuko seremala aliyejenga nyumba za kuigizia, yuko mshona mavazi, mshika taa, na mpishi wa hao wote. Atokee mtu aseme, Lakini hao walikwisha kulipwa mishahara yao zamani. Ni kweli, wengi walikwisha kulipwa. Lakini aliyewalipa alitoa fedha yake kwa kuwatumainia watazamaji watakaokuja baadaye, na kila mtazamaji ajifichaye nyuma ya magunia huliacha tumaini lile liwalemee waliolipa nauli.

Mwingine husema, Mimi nisingalinunua kamwe. Basi hawakukosa kitu kwangu. Maneno haya hatuwezi kuyapima, kwa kuwa mizani yake imo moyoni mwa msemaji peke yake. Ila mtu akiisha kutazama sehemu ishirini mfululizo, usiku hata kucha, ni vigumu kusadiki kwamba kitu kile hakikuwa na thamani kwake.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi, nayo ni ya wale wakaao ugenini hasa. Michezo ya televisheni huuzwa kwa nchi na nchi, kama viwanja vilivyopimwa mipaka. Kampuni moja hupewa haki ya kuonyesha katika nchi hii, nyingine katika nchi ile. Na mtu aliyelipia kwao, akihamia nchi nyingine, mara nyingi hufungiwa mlango na fedha yake i mkononi. Anataka kuutazama mchezo wa lugha ya mama yake, au habari za mji aliozaliwa, naye huambiwa, Haupatikani mahali ulipo. Umoja wa Ulaya uliiona shida hii, ukatoa kanuni iliyoanza kazi mwezi wa Aprili 2018, kwamba mtu aliyelipia huduma katika nchi moja ya Umoja apate kuitumia awapo safarini kwa muda katika nchi nyingine ya Umoja. Lakini aliyehama kabisa hahesabiwi kuwa msafiri, na aliyelipia nje ya Umoja hana fungu humo.

Twasema wazi kwamba hapa mwuzaji ana sehemu yake ya lawama. Mwenye duka afungaye duka mchana, na wateja wamesimama nje na fedha zao, asistaajabu wakinung'unika. Lakini kufungwa kwa duka hakumpi mtu ruhusa ya kupitia dirishani. Mteja aliyekataliwa ana manung'uniko ya haki. Bado hana mali. Twajua kwamba wasomaji wengine wataona jibu hili ni kavu. Nasi twaliona kavu, hasa tukimfikiri mama aliye peke yake katika nchi ya baridi, ambaye hataki ila kusikia lugha yake jioni. Kama mtu huyo angekuja kwetu, tusingalimkemea sana. Wala tusingalimwambia kwamba amefanya haki.

Na katika habari ya kijana wetu hoja hii haikuwa na mahali. Tulipomwuliza kwa simu, alikiri mwenyewe: mchezo ule uliuzwa pale pale Ujerumani, kwa malipo ya mwezi, naye fedha ile alikuwa nayo. "Sikuwaza, Mwalimu," alisema. "Nilifanya kama nilivyozoea nyumbani."

Neno hilo, nyumbani, lilitutia katika swali la pili. Kijana ni Mtanzania, mchezo ni wa Marekani, na kompyuta ilikuwa Ujerumani. Ni sheria ya nani iliyomfunga? Wengine hudhani kwamba mtu husafiri na sheria ya kwao kama asafirivyo na jina lake. Sivyo. Mwaka 1886 wajumbe wa nchi kumi walitia sahihi mapatano katika mji wa Bern, Uswisi, juu ya kulinda kazi za watunzi. Na kati ya hizo kumi zilikuwamo Haiti, Liberia na Tunisia, jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui. Kenya ilijiunga mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994. Shina la mapatano yale ni kwamba kila nchi iilinde kazi ya mgeni kama ilindavyo kazi ya mwenyeji, na ulinzi wenyewe ufuate sheria ya nchi ile unakotakiwa. Basi mchezo wa Marekani ukigawiwa Ujerumani, sheria ya Ujerumani ndiyo isemayo, hata kama mgawaji alizaliwa chini ya Kilimanjaro.

Lakini hapa ndipo mwanafunzi mwerevu atakapotubana. Mji wa Basel uko Uswisi, ukingoni kabisa mwa nchi. Tangu Desemba 2014 tramu namba 8 ya mji ule huvuka mpaka, ikaingia mji wa Ujerumani uitwao Weil am Rhein, na watu huipanda kwenda sokoni kama sisi tupandavyo basi la asubuhi. Sasa katika Uswisi, mtu kujipakulia mchezo kwa matumizi yake mwenyewe na jamaa zake si kosa, hata ikiwa aliyeuweka katika intaneti hakuwa na idhini. Na sheria yao ilipofanyiwa marekebisho yaliyoanza tarehe 1 Aprili 2020, haikuliondoa jambo hilo. Kugawa ndiko kukatazwako huko. Kwa hiyo yule wa mstari wa ndoo ana kosa hata Basel, kwa sababu ya ndoo anazozitoa. Lakini apakuaye tu, pasipo kumgawia mtu, yu salama kituo hiki, na kituo kifuatacho ametenda lililokatazwa. Kiti ni kile kile, na mkono ni ule ule.

Si mipaka ya nchi tu, hata siku hubadili mambo. Uholanzi nayo iliruhusu kupakua hivyo kwa miaka mingi, mpaka tarehe 10 Aprili 2014, Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliposema kwamba desturi ile haipatani na sheria ya Umoja. Na tangu siku ile ruhusa ikakoma. Aliyefanya hivyo tarehe 9 hakuwa na kosa. Japani, tangu Oktoba 2012, mtu apakuaye kwa kujua nyimbo au michezo inayouzwa, iliyowekwa kwa haramu, aweza kufungwa hata miaka 2 au kutozwa hata Yeni milioni 2. Marekani mahakama yaweza kumtoza mtu kati ya Dola 750 na Dola 150,000 kwa kila kazi moja, kadiri ya ubaya wa tendo lake. Mtu akiziangalia sheria hizi zote pamoja, aweza kucheka na kusema, Kumbe hapana jema wala baya hapa. Kuna uzio tu, na kila jumbe amejenga wake alipopenda.

Sisi hatufuati neno hilo, wala hatufuati la wale wasemao kwamba likatazwalo na serikali ndilo baya, na lisilokatazwa ni jema. Mtazameni huyo Mswisi tena. Nchi yake haikusema kwamba wafanyao michezo hawamdai mtu kitu. Huko anunuaye chombo kitupu cha kuhifadhia picha na sauti hutozwa fedha kidogo juu ya bei, na fedha zile hukusanywa na kugawiwa wenye kazi. Ujerumani nayo ina tozo la namna hiyo, tena ililianza mapema, katika sheria ile ile ya mwaka 1965. Kwa hiyo kwamba mtenda kazi ana ujira wake, jambo hilo lajulikana pande zote mbili za tramu. Wanaloachana ni jinsi ya kuulipa, nani aulipe, na asiyelipa atendwe nini. Hayo ni mambo ya kupatana watu wa nchi, kama sisi tunavyopatana zamu za maji ya mfereji. Kijiji cha juu wana zamu zao na cha chini wana zao. Mgeni aliyetoka kijiji cha juu hawezi kufungua mfereji wa chini usiku na kusema, Kwetu ni zamu yangu.

Wazee walisema, Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hawakusema uvunje la mwenyeji wako. Nalo ndilo jambo lililotusumbua kuliko yote katika habari hii. Mwenyeji akikosa katika nchi yake, kosa humrudia mwenyewe. Mgeni akikosa, kosa lake kwanza hupiga hodi mlangoni mwa aliyempokea.

Kijana wetu hakuwa mtu wa kudharau sheria. Siku ya kwanza aliuliza pipa lipi ni la karatasi na lipi ni la maganda, maana Wajerumani hawachezi na taka zao. Aliuliza habari ya tiketi za treni, na saa ambazo haifai kupiga kelele. Habari ya intaneti hakuiuliza, kwa sababu hakudhani kwamba pana swali. Kutojua kwa namna hiyo ni kugumu kukulaumu, kwani mtu hawezi kutafuta njia asiyojua kwamba ameipotea. Sisi twaona kwamba kutojua kwake kwapunguza aibu yake. Deni hakulipunguzi hata senti moja.

Wala tusifanye kana kwamba mawakili wale ni malaika. Barua za namna hii zimekuwa biashara huko, na watu wa nchi yenyewe wamezinung'unikia sana. Oktoba 2013 ilianza kazi sheria iliyoweka mpaka wa ada ambayo wakili aweza kumdai mtu wa kawaida kwa barua ya kwanza, kwa sababu watu waliona kwamba fedha zinazodaiwa zimepita kosa. Ila fidia ya mwenye mchezo haikuwekewa mpaka ule, na barua zaendelea. Huko Australia, mwaka 2015, jaji mmoja wa Mahakama ya Shirikisho aliwakatalia wenye filamu moja kupewa majina ya maelfu ya watu mpaka waweke dhamana ya Dola za Australia 600,000, kwa kuwa aliona wanataka kuwadai watu mambo yasiyo haki. Nao mwishowe wakaliacha shauri. Mwenye haki naye aweza kudhulumu katika kudai haki yake. Lakini dhuluma ya mdai haifuti deni. Hulifanya tu liwe na wakosaji wawili.

Kuna shauri jingine lililotufanya tukeshe tukizungumza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilikata shauri la baba na mama waliokaa na watoto wao watatu wakubwa. Mmoja wa watoto alikuwa amegawa albamu ya nyimbo kwa intaneti ya nyumbani. Wazazi walijua ni yupi, wakakataa kumtaja. Mahakama ikasema kwamba si lazima wamtaje mtoto wao, lakini wasipomtaja watalipa wao wenyewe. Ikawa zaidi ya Euro 3,500. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikaona kwamba hukumu ile haikuvunja haki za familia. Mwenzetu mmoja alisema hukumu ile ni kali, yawatia wazazi kati ya mtoto na mfuko. Sisi wengine tuliona imenyoka: sheria haikumlazimisha mama kumtoa mwanawe, ilimwambia tu bei ya kunyamaza, naye akailipa.

Lakini bibi yule si mama wa kijana wetu. Hakuwa na sababu ya kunyamaza kwa ajili yake, na sheria ilimpa njia ya kueleza kwamba yuko mpangaji atumiaye intaneti ile. Hakuandika kitu kwanza. Aliiweka barua juu ya meza ya jikoni, akamwita, akamwuliza kama anajua habari yake. Kijana akaitazama, akasema ataisoma vizuri kwanza, akaenda chumbani.

Usiku ule hakulala. Alimpigia rafiki yake mmoja, naye akamshauri aseme kwamba labda ni mgeni aliyepita, au jirani aliyeipata namba ya siri ya intaneti, maana hakuna aliyemwona. Alitwambia kwamba shauri lile lilimpendeza kwa muda wa saa nzima. Kisha akasikia bibi akitembea sebuleni, saa nane za usiku, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Akajua kwamba naye hajalala. Mwanamke aliyewauguza watu miaka arobaini, asiyewahi kudaiwa na mtu, alikuwa akitembea gizani kwa hofu ya mahakama. Kijana akatoka, akamwambia, "Bibi, ni mimi."

Siku ya pili walikwenda pamoja katika kituo cha kuwashauri walaji. Wakaambiwa wasiitupe barua ile, wala wasitie sahihi ile hati ya ahadi kama ilivyoandikwa, kwa kuwa aliyeitia sahihi hufungwa nayo kwa miaka mingi. Hati ikaandikwa upya kwa maneno machache zaidi, deni likapunguzwa, na kijana analilipa kila mwezi kwa fedha aipatayo akiosha vyombo hotelini siku za Jumamosi.

Mzee alipotujia tena tulimwambia haya yote. Tulimwambia kwamba hatuwezi kumwita mwanawe mwizi kama mwizi wa mbuzi, ila alipanda kivuko pasipo nauli, na nauli anailipa. Na kwamba akitaka kujua wa kuombwa radhi, wenye mchezo wako mbali na malipo watayapata. Lakini bibi wa watu alitembea gizani usiku kucha, na hilo halikuandikwa katika barua ya wakili.

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akauliza kilo moja ya kahawa hupelekwa Ujerumani kwa kiasi gani, tukamwahidi kumwulizia posta. Alipokwisha kusimama ili aende zake, akakumbuka neno, akatia mkono mfukoni. Akatoa flashi ndogo, nyekundu, akaiweka juu ya meza yetu. Mwanawe alimjazia michezo sokoni kabla ya kusafiri, ili baba asione upweke jioni.

"Na hii?" akauliza.

Hatukumjibu upesi. Siku ya kufunga shule, mwaka jana, tuliwaonyesha wanafunzi wetu filamu ukutani, wakafurahi sana. Nayo tuliijazisha duka lile lile.